Hilux 3L: nimebadilisha mkanda wa taiming, sasa moshi mweupe na nguvu hakuna

Msukani

Wakuu salaam. Naombeni msaada, leo siku ya tatu nimeinamia injini hii na keshokutwa gari inatakiwa kubeba mzigo.

Ni Hilux ya dizeli, injini 3L, cc 2779. Taa ya T-BELT iliwaka ilipofika kilomita 100,000, nikaona nisisubiri mkanda wa taiming (unaounganisha kranki, yaani shafti inayozungushwa na pistoni, na kamshafti inayofungua valvu pamoja na pampu ya dizeli) ukatike, maana kwenye injini hii ukikatika valvu zinagongana na pistoni. Kabla sijaifungua ilikuwa ukigusa ufunguo tu imewaka, hata asubuhi ya baridi. Nalisema hilo mapema ili mjue tatizo limetoka mikononi mwangu. Nozeli na kompresheni zilikuwa nzima.

Nilizungusha kranki mpaka alama ya puli ikakaa kwenye mshale, nikapaka rangi nyeupe kwenye mkanda wa zamani na kwenye gia zote tatu: kranki, kamshafti na pampu ya dizeli. Nikahesabu meno ya mkanda kutoka rangi hadi rangi, nikahamishia hesabu kwenye mkanda mpya. Nilipolegeza tenshena (puli inayokaza mkanda) na kuvua mkanda, gia ya pampu iliruka yenyewe kurudi nyuma, kama meno mawili hivi. Nikairudisha kwa spana polepole, nikaishikilia hapo huku mkono mwingine unavalisha mkanda mpya. Springi ya tenshena nikaiacha ivute, nikakaza bolti.

Kilichonitisha ni hiki. Nilizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili, na rangi nilizopaka kwenye mkanda hazikurudi mbele ya alama za gia. Nikavua, nikarudia. Hali ileile. Mara ya tatu nikasema labda ndivyo ilivyo, nikawasha.

Inazungushwa na stata muda mrefu ndipo inawaka kwa kukohoa. Moshi mweupe mzito, unachoma macho. Sauti imekuwa laini mno, ule mlio wa kugonga wa dizeli tuliouzoea haupo. Ikipata moto moshi unapungua, lakini ukikanyaga mafuta haina nguvu kabisa. Nikalegeza nati za pampu nikaizungusha upande wa kuwahisha upulizaji wa mafuta mpaka tundu ndefu za bolti zake zikaishia. Moshi ukapungua kidogo, lakini gari bado nzito.

Je, pampu imekufa? Au kuna jambo nimelikosea? Mimi si fundi wa kulipwa, gari langu natengeneza mwenyewe, kwa hiyo nielezeni bila kuruka hatua.

Bisibisi

Kwanza kabisa usipige stata tena mpaka uwe na uhakika na kamshafti. Kama kosa lipo kwenye kamshafti, kila ukiwasha unacheza na valvu. Sogeza injini kwa spana kwenye bolti ya kranki, kwa uelekeo wake wa kawaida tu, na ukihisi imegota simama hapohapo, usilazimishe.

Swali: ulipozungusha mizunguko miwili, alama za gia zenyewe zilikaa wapi? Sizungumzii rangi za kwenye mkanda.

Taa Moja

Pole sana ndugu. Hiyo inaweza kuwa upepo kwenye mafuta. Piga ile pampu ya mkono juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha legeza nati za mabomba kwenye nozeli utoe upepo. Na kuhakikisha pistoni ya kwanza iko juu kweli, toa hita plagi (plagi ya kupasha joto wakati wa kuwasha) ya silinda ya 1, ingiza waya mrefu, sikiliza pistoni inavyoinua waya.

Nozeli Nne

Taa Moja, nia yako njema, ila hilo la waya tulifute kabla mtu hajalifanya. 3L haipulizi mafuta moja kwa moja juu ya pistoni. Ina chumba kidogo pembeni ndani ya silinda hedi, na hita plagi imeingia kwenye chumba hicho. Waya utaishia humo, pistoni hutaigusa. Na ukikatikia ndani utafungua hedi kwa sababu ya waya.

Upepo nao sidhani. Hakusema alifungua mabomba ya mafuta, na injini yenye upepo humisi na kuzima, lakini haibadiliki ikapata nafuu kwa sababu umezungusha pampu.

Msukani, tulia, maelezo yako yana jibu ndani yake. Dizeli ikipulizwa kwa kuchelewa, pistoni inakuwa imeshaanza kushuka, joto limepungua, sehemu ya mafuta inatoka bila kuungua. Ndiyo moshi mweupe unaochoma macho. Mlipuko nao unakuwa mpole, ndiyo sauti laini. Ingekuwa imewahi, ungesikia inagonga kama nyundo. Na wewe mwenyewe umeshaipima bila kujua: umewahisha pampu, moshi ukapungua, lakini tundu zikaisha kabla tatizo halijaisha. Pampu si mbovu. Imechelewa, tena kwa kiasi ambacho tundu za kurekebishia haziwezi kufikia.

Kiasi hicho karibu kila mara ni jino moja. Chukua hesabu hii: kamshafti na pampu huzunguka mara moja kranki inapozunguka mara mbili, kwa hiyo gia zao zina meno mara mbili ya gia ya kranki. Tuseme ya kranki ina meno 20 na hizo nyingine 40 (hesabu za kwako). Jino moja ni digrii 9 za pampu, yaani digrii 18 za kranki. Tundu za pampu zimewekwa kwa ajili ya digrii chache za kusawazisha. Jino zima hazilifidii.

Sasa limetokeaje kwa mtu makini namna hii? Kwanza, zile rangi za mkanda zisahau. Zinasaidia wakati wa kuvalisha tu. Idadi ya meno ya mkanda hailingani na mizunguko ya gia, kwa hiyo baada ya mizunguko miwili rangi zinakuwa zimehama, na lazima zihame. Kinachotakiwa kurudi mahali pake ni alama za gia na alama zilizo kwenye mwili wa injini. Ulivua mkanda mara mbili ukikimbia jambo ambalo halikuwa kosa.

Pili ni huo mruko wa pampu. Ndani ya pampu kuna springi zinazosukuma plunja dhidi ya kamu yake, na pale kwenye alama gia inakuwa imekaa juu ya mteremko, ikiachiwa inateleza. Uliirudisha, sawa. Lakini ulikuwa unavalisha mkanda huku umeishikilia gia, na mkanda ukabaki na ulegevu upande unaovutwa na kranki. Macho yanaona alama zimekaa. Ukiachia tenshena, ulegevu ule unavutwa, gia inasogea, na kwa kuwa springi za pampu zinaisukuma nyuma, inarudi na kukaa jino la pembeni. Ulegevu wote unatakiwa ubaki upande wa tenshena peke yake. Anza na kranki, panda juu ukiwa umeunyoosha mkanda, tenshena iwe ya mwisho. Gia ya pampu ivuke alama yake kidogo kwa mbele unapovalisha, ili mkanda ukikaza irudi na kukaa juu ya alama.

Kabla ya yote, rudisha mwili wa pampu mahali ulipoukuta. Kama hukuchora mstari, tazama ukingo wa pampu na mwili wa injini, mara nyingi kuna alama mbili zinazotazamana.

Bisibisi

Nakubaliana na Nozeli Nne, naongeza moja tu. Alama ya puli ya nje isiaminiwe peke yake kwenye gari lenye umri. Puli ile ina mpira katikati, na mpira ukichoka duara la nje linahama pamoja na alama yake. Vua kava ya valvu utazame kamu (vinundu vya kamshafti vinavyosukuma valvu) za silinda ya 1: pistoni ikiwa juu kwenye kompresheni, kamu zote mbili hazikandamizi valvu, na silinda ya 4 ndiyo valvu zake zinapishana. Mpangilio wa kuwaka ni 1-3-4-2, haikosei. Ukiwa hapo kagua pia kii ya kranki (kipande cha chuma kinachofunga gia kwenye kranki), ikiwa imekula gia itachezacheza na alama zitakudanganya.

Msukani

Asanteni sana wakuu. Nimefungua jioni hii, nawapa majibu kama yalivyo.

Kava ya valvu nimevua, kamu za kwanza ziko huru, za nne zinapishana. Kamshafti na kranki zimekaa sawasawa kwenye alama za injini. Kii nzima. Gia ya pampu iko jino moja nyuma, wazi kabisa, na mimi siku tatu nilikuwa natazama rangi ya mkanda badala ya kutazama hiyo.

Nimerudisha mwili wa pampu kwenye alama zake za ukingoni, nikalegeza tenshena, nikavalisha upya kama alivyosema Nozeli Nne. Mara ya kwanza ilirudi nyuma tena mbele ya macho yangu, nikaelewa hasa alichokuwa anasema kuhusu ulegevu. Mara ya pili nikaivusha alama kama nusu jino, nikanyoosha mkanda kuanzia kranki, nikaachia tenshena. Ikakaa. Mizunguko miwili kwa mkono, alama zote tatu mahali pake. Miwili tena, zipo palepale. Ndipo nikakaza bolti ya tenshena.

Imewaka kwa kugusa. Moshi mweupe ulitoka muda mfupi, nadhani ni mafuta yaliyobaki kwenye ekzosi, ukaisha. Ule mlio wa kugonga umerudi na nimefurahi kuusikia kuliko mnavyodhani. Ila ikiwa ya baridi mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta uko juu kidogo na inagonga zaidi, ikipata moto inatulia. Hilo nalo nilishughulikie?

Nozeli Nne

Hapana, liache. Kwenye pampu hiyo kuna kifaa chenye nta kinachopashwa na maji ya injini. Ikiwa baridi kinawahisha taiming na kupandisha huo mzunguko, maji yakipata joto kinaachia. Kinafanya kazi yake. Siku ukitaka kupima taiming ya pampu kwa saa ya vipimo (kifaa chenye mshale cha kupima mwendo mdogo), hakikisha kwanza kifaa hicho kimeachia, la sivyo utasoma namba isiyo yake na kuiharibu pampu uliyoisawazisha leo.

Kesho ikiwa imepoa kabisa kagua nati za pampu ulizolegeza, na uangalie kama hakuna dizeli inayovuja kwenye mabomba yake. Kisha pakia mzigo wako.