Dawa ya Kichina ya kibofu, kuna aliyewahi kuitumia?

Kontena40: Wakuu habari za jioni. Niko Guangzhou mambo ya mizigo. Mkojo unachoma na kila nusu saa niko chooni, juzi nimemwacha mwenye duka katikati ya bei. Mzee mmoja wa duka la miti shamba mtaa wa Xiaobei kanifungia pakiti, nachemsha kwenye sufuria ya wali mpaka maji yawe kama kahawa, chungu balaa. Kuna aliyepona? Naomba uzoefu siyo matusi.

MamaTatu: Pole kaka. Maji mengi, michepuko kidogo.

Chumvi: Mkojo una rangi gani?

Kontena40: Wa kawaida.

Chumvi: Kawaida ipi, rangi mkuu!

Kontena40: Haya, una wekundu. Damu kidogo tu, wiki ya tatu sasa. Ila mzee kasema ni joto la kibofu linatoka na nishalipia dozi ya mwezi, halafu kuchoma kumepungua kweli.

MtuWaPemba: Sie utotoni mtu akikojoa damu anajiona kawa mwanamme, kumbe kichocho cha mabondeni. Wakaja skuli wakatusimamisha kwenye ubao wa alama, urefu wako ndo idadi ya vidonge. Vyangu viwili nikavitapikia kandambili za mwalimu.

Jicho_Kavu: Kontena si wewe mwezi uliopita uliuliza mtaji wa saluni Tabata ukasema passport huna? Subirini namba ya WhatsApp ya hiyo dawa inakuja.

MamaTatu: 😂😂 nilijua tu

Kontena40: Akaunti natumia na mdogo wangu jamani. Siuzi kitu!

Wuhan_Returnee: Muongo au mkweli, pakiti ina nini?

Kontena40: Kaandika kwa mkono. Che qian zi, hua shi, mu tong.

Wuhan_Returnee: Hapo kwenye mu tong simama. Ipo inayoitwa guan mu tong, ina asidi ya aristolokiki, inaua figo na inaleta saratani ya njia ya mkojo, China wenyewe waliifuta 2003. Ubelgiji miaka ya 90 mzizi wa ukoo huohuo uliingia kwenye dawa ya kupunguza unene, wanawake zaidi ya 100 wakaharibika figo. Mu tong halali zipo ila zikishakatwa vipande vikavu kwa macho hutofautishi. Acha leo, kapime mkojo na figo, hiyo damu siyo joto.

Kontena40: Nimebakiza pakiti nne tu lakini.