Kunguru wamewaingilia mnana na tetere uani kwangu

Mkaazi wa Bububu:
Assalaam alaykum. Nyumba yetu ipo karibu na pwani, na tangu mwaka jana nimekuwa nikiwawekea ndege wali uliobaki, mkate na machicha ya nazi juu ya ukuta wa uani. Walianza tetere wawili, wakafuata shore, na baada ya masika mnana wakasuka viota kwenye mnazi ulio mbele ya baraza, nami nikawa nakaa kumtazama dume akichana uzi mmoja wa ukuti, akiruka nao mdomoni na kuufunga huku ananing'inia kichwa chini. Sasa kunguru wamejaa. Juzi nilimuona mmoja amekipasua kiota na kutoka na kinda, na wazazi wake wanamzunguka kwa makelele asiwajali. Je, niache kabisa kuwalisha ndege?

Mzee wa Mangapwani:
Wa alaykum salaam, mwanangu. Usiache, bali badilisha unachokiweka. Kunguru hao wenye shingo ya kijivu si wenyeji. Waliletwa Unguja kutoka Bara Hindi katika miaka ya 1890 ili wale taka za mji, na mpaka leo hufuata mabaki ya jikoni. Wali na mkate ndivyo vinavyowaita, na wakishashiba ukutani huwa wapo karibu na viota siku nzima. Weka chenga za mchele au mtama mkavu, kiganja kimoja tu, asubuhi, ukiwa umekaa hapo hapo barazani. Tetere watakuzoea upesi, lakini kunguru humuogopa mtu anayemkazia macho. Kinachobaki kifagie, kwa sababu chakula kinachooza ukutani huwaambukiza ndege maradhi. Pipa la taka nalo lifunikwe, maana bila ya hilo mtama hautosaidia kitu.

Mama wa Chake Chake:
Nakubaliana na mzee, ila naongeza maji. Mimi huweka kibia cha udongo chenye maji ya kina cha vidole viwili chini ya mpera, na kila asubuhi huyamwaga na kutia mengine ili mbu wasizaliane. Pia wapo ndege ambao nafaka haiwahusu. Chozi hufuata ua la mgomba, na ninga wetu wa Pemba, asiyepatikana kwengine kokote duniani, hula matunda mtini. Kwa hivyo ndugu yangu, ukiacha mgomba na mpapai vikue uani, umeshawalisha wengi.

Mkaazi wa Bububu:
Ahsanteni sana. Pipa nimeshalifunika, na leo asubuhi nimeweka mtama nikakaa. Tetere mmoja ameshuka, akala, akaondoka. Kunguru watatu walikuwa juu ya paa la jirani na hawakushuka. Kiota kimoja bado kizima, nami nitakilinda mpaka makinda yaruke.