Sanje, Materuni au Soni: wapi pa kwenda kuogelea milimani na familia?

Baba_Tabata
Wakuu, salaam. Natafuta sehemu ya milimani yenye mto, pale maji yanapotulia mtu akaingia na kuoga. Sitaki pa kupiga picha tu na kugeuza. Tunatoka Dar, siku tatu, mwezi wa nane. Niko na wife, watoto wawili (miaka 9 na 13) na mama mkwe, ambaye magoti yake na mlima haviivi. Nimebakiza Sanje kule Udzungwa, Materuni ya Moshi na Soni ya Lushoto. Mnanishauri wapi?

Mlugulu Asilia
Sanje, bila kupepesa macho. Maji yanaporomoka kwa hatua tatu, jumla yake kama mita 170, na kuna madimbwi ya kuogelea. Ukifika juu unaliona bonde la Kilombero lote chini yako, miwa mpaka macho yachoke. Halafu kuna mangabei wa Sanje, kima ambao hawapo popote duniani isipokuwa milima hiyo. Wanasayansi wenyewe wamewajua mwaka 1979 tu! Wanapenda kutafuta chakula chini, kwa hiyo unasikia majani makavu yanachakurwa kabla hujawaona.

mama_kahawa
Mlugulu, umesoma habari ya magoti lakini? Udzungwa hakuna barabara ya gari ndani ya hifadhi, ni mguu tu. Sanje kwenda na kurudi ni saa nne hivi, na kile kipande cha kupanda si mchezo.

Kaka, nenda Materuni. Ni Uru, juu kidogo ya Moshi mjini. Mnapita kwenye migomba na kahawa za watu, njia nyembamba lakini haina makuu. Maporomoko yana mita 80 hivi, na kabla hujafika dimbwini manyunyu yameshakulowesha. Mama mkwe anabaki kijijini kwenye kahawa: wanakoboa, wanakaanga, wanatwanga kwenye kinu huku wanaimba, kisha mnakunywa hiyo hiyo. Atawasahau.

Dereva wa Mbezi
Materuni pazuri, sibishi. Ila Dar mpaka Moshi ni zaidi ya kilomita 500. Katika siku tatu, mbili zimeishia barabarani. Na maji ya Kilimanjaro mwezi wa nane, huyo wa miaka 9 ataingiza kidole na kutoka mbio.

Mshambaa Mjini
Soni ni kwetu, kwa hiyo niseme ukweli. Yale maporomoko unayaona ukiwa barabarani, ukitoka Mombo kupanda Lushoto. Ni ya kusimama, kununua matunda, kuendelea. Mto umepita kwenye mashamba na makazi ya watu kabla ya kufika pale, mimi wangu simwingizi. Lushoto nenda kwa ajili ya Irente na ubaridi. Kuogelea, hapana.

Baba_Tabata
Asante Mshambaa, Soni nimeifuta. Sasa mama mkwe akienda Udzungwa atakaa wapi muda wote huo, kwenye gari?

Mlugulu Asilia
Haya, nakubali nilikurupuka kwenye magoti 😂. Pale pale makao makuu ya hifadhi, Mang'ula, kuna njia fupi ya Prince Bernhard, nayo ina maporomoko yake madogo. Si hata saa nzima. Wife na mama mkwe waende huko taratibu na mwongozaji wao, wewe na watoto mpande Sanje asubuhi na mapema. Mkubwa ataweza vizuri. Mdogo unamjua wewe.

mama_kahawa
Hapo sasa nakuelewa. Basi mjue na haya: getini hawapokei keshi, na beba kitambulisho cha NIDA ulipe bei ya raia. Viatu vya kushika mawe, siyo kandambili.

Bonde_Kilombero
Niongeze la maji, maana hili watu wanalipuuza. Mwezi wa nane ni kiangazi, lakini milima ile inavuta mvua yake yenyewe. Huku chini jua kali, juu kumenyesha. Ukiona maji yamebadilika rangi au yameanza kuleta majani na vijiti, toa watoto kwanza, maswali baadaye. Na wasiruke kutoka juu ya mwamba, chini kuna mawe yasiyoonekana.

Baba_Tabata
Nimeelewa. Udzungwa basi. Niende na gari au nipande SGR mpaka Moro?

Dereva wa Mbezi
SGR ni raha, ila ukishuka Moro itabidi mwende Msamvu mkatafute basi la Ifakara, na mizigo, na mama mkwe. Nenda na gari. Barabara kuu inakatiza Hifadhi ya Mikumi, watoto wataona twiga na swala bila kulipa kiingilio. Punguza mwendo tu hapo, ukigonga mnyama kuna faini, na kila mnyama ana bei yake.