Raba za tenisi zisizoua miguu: nyinyi mlipataje zenu? Tupeane uzoefu

MwalimuWaDunga

Hamjambo watu wangu. Jumamosi nilivua raba baada ya gemu na ukucha wa kidole gumba ukabaki ndani ya soksi. Sitanii. Ulikuwa umekuwa mweusi kama wiki tatu hivi nikajipa moyo ati ni damu tu itajirudi, kumbe ulikuwa unaniaga.

Stori yangu ni hii. Binti yangu alianza kunisumbua na tenisi ile 2022 Angella Okutoyi alipobeba Wimbledon ya wasichana wadogo, ile ya kucheza wawili wawili, nikawa mtu wa kumpeleka uwanjani na kukaa kwa benchi na flaski ya chai mpaka siku moja kochi akaniuliza kwani madam wewe unachunga nini hapo, shika raketi. Nikashika. Nina miaka 43, mwili si haba, na miguu yangu ni ile ya kwetu, mipana mbele myembamba nyuma kama mwiko. Nikaingia duka moja hapa mjini Kisumu saa tatu asubuhi nikamwambia kijana nipe za tenisi saba, mimi huvaa saba tangu kidato cha pili, akanipa nyeupe moja safi sana yenye mstari wa zambarau, nikavaa nikiwa nimekaa, na soksi ya nailoni ya kwenda kazi, ikaingia, nikalipa 6,500. Nikamwambia inabana kidogo, akasema itafunguka.

Haikufunguka. Nilifunguka mimi.

Sasa hebu tupeane uzoefu. Nani hapa ana mguu mpana na alipata raba ya kucheza isiyomtesa? Ulijuaje ni hiyo? Usinitajie tu jina la kampuni ukaenda, niambie ilivyokuwa.

Sista_wa_Bahati

Pole sana madam. Mimi ni nesi huku Nakuru, tenisi ni ile ya Jumapili moja moja tu, lakini nasimama wodini masaa kumi na mawili kwa hivyo mambo ya miguu niulize. Makosa uliyafanya matatu na umeyataja yote mwenyewe: asubuhi, kukaa, na hizo soksi. Mguu huvimba kadiri siku inavyoenda, na huko kwenu na lile joto la ziwa, mguu wa saa kumi si ule wa saa tatu. Nenda jioni, beba soksi zako nene za kuchezea, vaa zote mbili, funga kamba, simama, halafu bonyeza mbele ya kidole kirefu. Inatakiwa nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kama hakuna, rudisha hata kama rangi inakuita jina.

Yangu sasa. Mtoto wa pili alipozaliwa miguu yangu ilikuwa imetoka sita ikaenda saba, nikasema ni uvimbe wa mimba utarudi. Huyo mtoto sasa yuko gredi ya nne na mguu haujarudi. Ndio baadaye nikajua mimba inaweza kulegeza wayo ukalala na ukarefuka, na wengine hubaki hivyo hivyo. Miaka miwili nilikuwa nalipia raba zinazonikata kidole cha mwisho, nabandika plasta asubuhi kabla hata sijaumia, imekuwa kama kupaka mafuta.

Aliyeniokoa ni mzee wangu bila kujua. Nilitoka mbio kwenda kununua maziwa nikavaa raba zake, nikafika kioski, nikarudi, nikaona mbona sijasikia kitu? Kumbe viatu vina upana wa herufi. Vya wanawake vya kawaida ni B, vya wanaume ni D, na kuna 2E na 4E za mguu mpana kabisa ukibahatika kuzipata. Mwanamke akishuka namba moja na nusu kwa zile namba za US anaingia kwa upande wa wanaume. Ile saba yangu ni ya UK, kwa US mimi ni tisa ya kike, nikachukua saba na nusu ya kiume. Rangi ni nyeusi na kijivu kama ya kwenda matanga lakini plasta zimeisha nyumbani.

mpita_njia_254

Nafuata hapa. Mguu wangu ni ubao kabisa.

Mkimbiaji_Kakamega

Mulembe. Yangu ni ya siku moja lakini iliniuma miezi miwili. Mimi ni mtu wa mbio, asubuhi naingia msituni kilomita nane narudi, raba zangu zilikuwa za maana, kisigino kimejaa povu kama godoro. Rafiki akaniita tenisi nikaona raba ni raba. Seti ya kwanza sawa. Ya pili akanipigia mpira wa pembeni kabisa, nikaufuata, nikafunga breki na mguu wa kushoto ndio nirudi katikati, mwili ukasimama lakini mguu ndani ya raba ukaendelea na safari, godoro likalala upande na kifundo kikalala nalo. Nilisikia "tak" na nikajua hiyo siyo kamba.

Yule wa fiziotherapia aliniuliza nilivaa nini, nikamwonyesha, akacheka kwanza ndio akanieleza. Raba ya mbio imetengenezewa mtu anayeenda mbele tu, kisigino juu, laini, nyepesi, na pembeni hakuna cha kukushika. Ya tenisi inakaa chini karibu na ardhi, ina ukuta pembeni, na mpira wa soli umepanda mpaka mbele ya vidole kwa sababu huko ndiko watu huburuta mguu wakipiga sav, ule mpira wa kuanzisha. Ndio maana ukiijaribu dukani unaona ni nzito na ngumu, unairudisha unachukua ile ya godoro. Nilikuwa nimezikataa mara mbili kwa sababu hiyo hiyo!

Na madam, huo ukucha pengine si saizi peke yake. Mimi hata baada ya kupata za tenisi mguu ulikuwa unateleza mbele kila nikisimama ghafla. Angalia juu kabisa karibu na kifundo, kuna tundu moja la ziada ambalo watu hulisahau. Pitisha kamba hapo upande ule ule iwe kitanzi, kila upande chake, halafu kamba ya kushoto ipite kwa kitanzi cha kulia na ya kulia kwa cha kushoto, vuta, funga. Kisigino kinakaa nyuma kama kimewekwa misumari. Kwa mguu wa mwiko hiyo ndiyo dawa.

BeloLaKibuye

Kwa heshima zote madam, 6,500 ungekuja kwangu ungepata tatu na chenji ya samaki. Nauza raba za mtumba hapa sokoni Kibuye mwaka wa tisa sasa. Njoo Jumapili, na uje mapema kabla wenye maduka hawajapiga kamera, yaani kuchagua zile za kwanza za belo, wakishamaliza unabaki na za kufugia kuku.

Halafu sahau hiyo saba yako. Ndani ya ulimi wa raba kuna kibandiko, kina US, UK, EUR na mwisho sentimita, wengine wanaandika JP na milimita. Soma hiyo ya mwisho. Kuna mzee wa matatu alinigombeza mbele ya watu ati yeye ni nane tangu azaliwe nami nampa nane inayobana, nikamwonyesha: nane ya UK ya adidas ni 26.5, nane ya UK ya Nike ni 27. Nusu sentimita, na hapo ndipo ukucha wako ulipotea. Pima nyumbani, karatasi sakafuni, kisigino kimegusa ukuta, simama na uzito wote, piga mstari mbele ya kidole kirefu, na si lazima kiwe gumba, wengine ni cha pili. Pima miguu yote miwili maana hailingani, nunulia mkubwa.

Za mtumba nitakwambia ukweli ingawa naziuza. Iweke kwa meza uiangalie kwa nyuma, ikiegemea upande mmoja usichukue, huyo mzungu alikuwa anatembea vile na raba imeshasoma mguu wake haiwezi kusoma wako. Ikunje, inafaa ikunjike pale vidole vinapoanzia, ikikunjika katikati kama chapati hiyo imekufa. Ikamue kama unakamua nguo, ya tenisi inagoma. Na unuse! Gundi ikikupiga puani jua ilifunguka soli jana usiku na fundi ameirudisha.

Sista_wa_Bahati

Sasa wewe unamwambia aende asubuhi na mimi nimemwambia jioni 😂

BeloLaKibuye

Sista, jioni atakuta soksi. Atembee kwanza mguu uvimbe akija.

Guka_58

Mmenichekesha vijana. Niko Section 58 Nakuru na nimecheza huu mchezo tangu miaka ya themanini. Tulikuwa na raba za turubai za Bata, Ijumaa jioni unazipaka chaki ndio zing'ae, soli bapa kama sahani. Magoti yetu ndiyo hayo mnayaona yakipanda ngazi kwa awamu. Baadaye mtu akaniletea raba za Stan Smith, zile zenye jina la mchezaji, kutoka Uingereza, nikatembea nazo klabuni wiki nzima bila kucheza ili zisichafuke. Huyo Smith alichukua Wimbledon 1972, lakini leo kiatu chake mnavaa harusini, na ukitaka kucheza nacho utajuta kwa haya magemu ya siku hizi ya kukimbizana pembeni.

Nataka kuongeza kuhusu mtumba na pia kuhusu uchoyo. Mwanangu alinitumia za tenisi kamili kutoka Marekani 2014. Nzuri sana. Nikaziweka kabatini, ati za mashindano. Mashindano yenyewe yakaja 2021, nikazitoa mpya kabisa, karatasi bado imo ndani, gemu ya tatu nikaona uwanja una makombo meusi nikadhani ni udongo. Ilikuwa ni soli inameguka kama mandazi ya jana. Gemu ya nne kisigino chote kikabaki nyuma, mpinzani wangu akapiga kelele akidhani ni mimi nimevunjika. Ile povu ya ndani, hasa ya poliyurethani, unyevu wa hewa huila polepole hata kama kiatu hakijavaliwa. Kwa hivyo huyu kijana wa Kibuye akikwambia hii haijawahi kuvaliwa, bonyeza hiyo povu na kucha kwanza. Ikiacha shimo au vumbi, muage.

Na mwangalie mnachezea wapi. Kama ni uwanja wa udongo, chini iwe na ile mifereji ya zigizaga nzima, ndiyo inashika na kumwaga vumbi. Simiti inakula soli haraka, hapo tafuta soli ya mpira mgumu, na usiende na soli nyeusi ya kuacha alama, mlinzi wa uwanja atakufukuza na atakuwa na haki.

BeloLaKibuye

Guka hapo kwa kubonyeza umesema kweli. Nimeshatupa pea nyingi hivyo, ukitoa kwa belo inang'aa, ukiiangusha inalia kama biskuti.

mpita_njia_254

Na sisi wa mguu bapa? Kila mtu ananiambia nitafute yenye upinde mkubwa ndani, ule mwinuko wa katikati ya wayo, niliweka ule upinde wa kununua nikasikia kama nimekanyaga yai la kuchemsha siku nzima.

Sista_wa_Bahati

Usilazimishe. Lowesha mguu, kanyaga karatasi ya kaki, kama alama imejaa yote basi ni bapa kweli, lakini kama hauumi huo si ugonjwa. Tafuta tu isiyolala kwa ndani na yenye kisigino kigumu nyuma. Kama unaumwa kisigino ile hatua ya kwanza ukitoka kitandani, hiyo ni habari nyingine, muone daktari usiulize watu wa raba.

MwalimuWaDunga

Nimerudi na ripoti. Jumapili nilitembea kutoka Nyalenda mpaka Kibuye, jua la saa tatu likinipiga, binti yangu ananiuliza kwani pesa ya boda imeisha, nikamwambia tunavimbisha mguu. Nilikuwa na karatasi yangu, kulia 25.2, kushoto 24.8, miaka yote hii sikujua. Nilizunguka vibanda sita. Nimekunja, nimekamua, nimenusa mpaka mama mmoja akaniuliza kama nanunua raba ama omena. Nikapata ya kiume, 26 kwa kibandiko, zigizaga nzima, kucha haikuacha shimo, 1,800 baada ya kubishana kutoka 2,500. Rangi ni kijani ile ya mlango wa kantini. Binti yangu anatembea mita kumi mbele yangu tukienda uwanjani.

Nimecheza mara tatu sasa na kile kitanzi cha Mkimbiaji. Kidole cha mwisho hakijasema kitu, gumba bado na plasta lakini hakigongi mbele. Sav bado ni mbovu, hiyo siwezi kulaumu kiatu tena.

Zile nyeupe nimempa shemeji yangu wa Bondo, mguu wake mwembamba. Jana amenipigia kuniuliza kama zitafunguka.