Ati “labda ni macho yako, bosi”? Huyu muuza deki amenivunjia heshima

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Nimekata simu sasa hivi, hata maji sijanywa.

Jina simtaji, hakuna haja. Mnamjua. Yule anayemwita kila mtu “bosi”. Yule anayepangusa deki kwa kitambaa cheupe kama anamwogesha mtoto mchanga. Ukimuuliza swali moja anakumwagia maneno kumi ambayo hujawahi kuyasikia, halafu anatabasamu meno yote. Huyo huyo.

Nimenunua kwake deki ya DVD. Si hizi za kawaida, ni ya hali ya juu. Uso wa alumini, uzito wake mtu mzima anaibeba kwa vituo, trei inatoka kimya kimya, matundu yote ya nyuma yamepakwa dhahabu. Kwenye boksi wameandika 1080p, yaani picha ya mistari 1080, kwa maandishi makubwa kuliko jina la kampuni. Nikamwambia kabla sijatoa hela: TV yangu ni kubwa na nzuri lakini ni ya siku nyingi, haina tundu la HDMI, ina yale matundu matatu ya kijani, buluu na nyekundu. Akasema, “Hilo si tatizo bosi, nyaya zake ninazo.” Akanitolea nyaya nene, nazo zina dhahabu, nazo nikalipia.

Nimefika nyumbani, nimefunga, nimezima taa, nimekaa. Picha ikatoka ileile. ILEILE! Ya deki yangu ya zamani ambayo kifuniko chake kimeshikwa na gundi! Naingia kwenye menyu, neno 1080 limefifia, halibonyezeki. Nabadilisha diski, wapi. Kilichonimaliza ni hiki: naweka diski ya video ya familia niliyochoma mwenyewe kwenye kompyuta, deki inapanda hadi 1080i bila kinyongo. Diski niliyonunua kihalali inakataliwa, ya kuchoma chumbani inapokelewa kwa mikono miwili.

Nikampigia kwa adabu zote. Nikamweleza kila kitu, nyaya, menyu, diski. Akanyamaza. Halafu akasema, “Labda ni macho yako, bosi.”

MACHO YANGU! Macho haya yanamwona mbu akipiga chafya ukuta wa pili! Angesema nyaya zina kasoro ningemwelewa. Angesema lete deki tubadilishe ningemwombea dua hadi wajukuu zake. Macho! Na nyuma yake nikasikia mtu anacheka. Mtu anacheka, wakuu, na mimi nipo kwenye simu. “Labda ni macho yako.” Mtu umempa hela zako mkononi, anakwambia labda ni macho yako!

—

Kifaru_Mpole: Pole mkuu. Lakini “labda ni macho yako” naiweka kwenye saini yangu leo hii.

Mkeka_wa_Mbele: Nimeshatandika mkeka, naweka kambi hapa. Endeleeni.

FundiNyaya: Mtoa mada, punguza hasira usome. DVD tangu imetoka Japani mwaka 1996 ina nukta 720 kwa upana na mistari 480 au 576 kutegemea mfumo wa TV. Basi. Hiyo 1080 ni deki inakisia nukta za katikati na kuzijaza. Inaweza kukisia vizuri, na deki nzuri hapo ndipo inaposhinda ya bei ya kutupwa, lakini kisichokuwepo kwenye diski hakiletwi na dhahabu. Pili, diski za studio zimefungwa kwa CSS, kufuli la kuzuia kunakili, na leseni yake hairuhusu deki kukuza picha hizo kupitia nyaya za analogia kama hizo zako tatu. Zinaishia 480p au 576p. Ukitaka 1080 ya diski za studio upite kwenye HDMI, na TV iwe na HDCP, ulinzi wa kunakili wa upande wa HDMI, la sivyo utaangalia giza. Ya familia haina kufuli ndiyo maana ilipita.

Mtoa mada: Asante FundiNyaya, wewe ni mtu. Sasa niambie, yeye hayajui hayo? Nilimwambia sina HDMI! Nilimwambia kwa kinywa changu! Akaniuzia nyaya. Halafu nikirudi kwake ananiambia macho!

Babu_Skrini: Umepigwa mkuu. Kubali, tuendelee na maisha. Mistari 576 ni 576 hata uichovye kwenye dhahabu usiku kucha.

Mtoa mada: Sikatai hesabu, nakataa dharau. Kuna binadamu alicheka nyuma ya ile simu. Nataka kujua ni nani.

Binti_Besi: Afadhali wewe una picha ya kulalamikia. Mimi dada yangu kaniletea diski boksi zima kutoka Marekani, zote za kanda namba 1, yaani zimefungwa zichezwe kwenye deki za kule tu. Deki yangu ya gharama kubwa kuliko yako inaziangalia sekunde tatu, inaandika haziruhusiwi, inazitema. Diski zangu, deki yangu, nyumba yangu! Nani ana zile namba za rimoti za kuifungua?

Kifaru_Mpole: Weka modeli.

Sauti_ya_Chini: Kanda si kitu. Njooni kwenye onyo la hakimiliki. Umenunua diski halali, unakalishwa chini unasomewa onyo, kisha matangazo, ukibonyeza kuruka inatokea alama ya kukataza. Aliyenunua ya wizi muda huo yuko katikati ya filamu anakula raha. Nani alikaa akaona hii ni akili?

Babu_Skrini: Na ile kuganda katikati ya filamu je? Patamu kabisa, mtu anataka kusema siri, picha inasimama!

FundiNyaya: Hiyo ni diski ya tabaka mbili, ile ya GB 8.5. Leza inahama kutoka tabaka moja kwenda jingine. Deki nyingine zinahifadhi picha kidogo mapema, huoni kitu.

Babu_Skrini: Yangu ya hali ya juu na inaganda.

Sauti_ya_Chini: Bado sijamaliza. Diski za PAL, ule mfumo wa TV wa mistari 576, zinachezesha filamu ya fremu 24 kwa fremu 25. Kila kitu kinakimbia asilimia 4. Muziki unapanda, waigizaji wanaongea kama wamebanwa pua. Mimi nasikia kabisa.

Mkeka_wa_Mbele: Labda ni masikio yako, bosi.

Mtoa mada: Hiyo kauli isichezewe hapa! Nimesema nimevunjiwa heshima!

Sauti_ya_Chini: Mkeka kunja mkeka wako. Ninasikia tofauti, na nitaisikia hadi kaburini.

FundiNyaya: Wanamuziki wengi wanaisikia, hajakosea. Kuna diski wanazorekebisha sauti, nyingine hawarekebishi.

Babu_Skrini: Tuache hayo. Kwa nini rimoti za deki za gharama hazina taa? Tunaangalia gizani! Mtu anatafuta kitufe cha kusimamisha, anafungua trei!

Kifaru_Mpole: Yangu ina vitufe 50 na vyote vinalingana. Waliitengeneza mchana hawa.

Mtoa mada: Wakuu, tulikuwa kwenye macho yangu.

Babu_Skrini: Na kile cha kurudi nyuma wamekiweka jirani na cha kuzima!

Binti_Besi: Jamani namba za rimoti bado sijapewa.

Kifaru_Mpole: Nimeshakwambia weka modeli.

Binti_Besi: Ni nyeusi.