Kiwanja Kibaha au Pugu kwa mtu wa Posta: gari au treni?

mtaa_wa_saba:
Wakuu, habari za jioni. Kazi iko Posta, katikati ya jiji la Dar, kuingia saa 2:00 asubuhi, kutoka saa 11:00 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Viwanja ni viwili na bei zake hazipishani sana. Kimoja kiko Kibaha, kilomita moja na nusu kutoka Morogoro Road. Kingine kiko upande wa Pugu, na dalali anasema ni "dakika ishirini mjini kwa SGR", ile reli mpya ya umeme. Gari ni la cc 1500. Naomba hesabu, si ushabiki: kipi kinalipa kwa mtu wa kwenda na kurudi kila siku, na watu husahau nini wakipiga hesabu hizi?

mizani_ya_mafuta:
Mkuu, Kibaha hadi Posta weka kilomita 40 hivi. Kwenda na kurudi 80, mara siku 22 za kazi, ni kilomita 1,760 kwa mwezi. Gari la cc 1500 linalokwenda kilomita 14 kwa lita safari ya Moro, kwenye foleni hushuka hadi 10, na AC ikiwaka usishangae kuona 8. Bei ya petroli hubadilika EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanapotangaza bei za mwezi, kwa hiyo tuweke 3,000 kwa ajili ya hesabu tu. Kwa kilomita 10 kwa lita ni lita 176, yaani 528,000. Kwa 8 ni lita 220, yaani 660,000. Tofauti hiyo ya 132,000 inatokana na AC kwenye foleni, umbali ni uleule.

Kisha kuna vinavyosahaulika. Oili ya kila kilomita 5,000 itakufikia chini ya kila miezi mitatu. Na usifuate kilomita tupu: injini ikiunguruma gari limesimama, oili inazeeka bila dashibodi kuhesabu chochote, kwa hiyo gari la foleni wahi, badilisha kwenye 4,000. Gia za otomatiki zinapata joto kwa mwendo wa kusogea-simama, na wengi hawabadilishi oili ya gia mpaka gari lianze kushtuka. Brekipedi nazo zinaisha mapema. Maegesho ya siku nzima Posta yaandike kando, maana ni siku 22.

Nauli ya SGR Dar–Pugu iliyotangazwa huduma ilipoanza 2024 ilikuwa 1,000. Safari 44 ni 44,000 kwa mwezi. Hata ukiongeza bodaboda ya nyumbani hadi stesheni asubuhi na jioni, hufiki nusu ya mafuta. Lakini nauli siyo inayoamua, ngoja watu wa reli waje.

taa_nyekundu:
Niongeze la barabara, kwa sababu kuna watu wanaamini Kimara–Kibaha ikishapanuliwa basi Kibaha imekuwa karibu. Njia nane zinakufikisha Kimara haraka, sawa. Kuanzia hapo kuelekea mjini magari ya kawaida yana njia mbili tu kila upande, katikati ni ya mabasi ya mwendokasi. Chupa hupimwa kwenye shingo.

Piga hesabu ya makutano yenye taa. Njia moja ikiwa kijani muda wote hupitisha magari kama 1,900 kwa saa. Kijani ikiwa asilimia 40 ya mzunguko, njia mbili zinapitisha 2 × 1,900 × 0.4, yaani 1,520. Yakija 2,000 kwa saa, 480 yanabaki. Kila gari likichukua mita 7 kwenye foleni, hiyo ni zaidi ya kilomita moja na nusu kwa kila njia baada ya saa moja tu, na wa mwisho anasubiri kama dakika 19 kwenye makutano hayo peke yake. Ukiondoka nyumbani dakika 20 mapema unakuta foleni imepungua kwa theluthi moja hivi. Ndiyo maana Mbezi na Kibamba watu wanaamka saa 10 usiku: wanakwepa kule kuongezeka, siyo umbali.

Askari akiongoza kwa mkono, akaachia upande mmoja dakika nyingi mfululizo, mambo huharibika kwa namna nyingine. Foleni ya upande aliouzuia inarudi nyuma mpaka inaziba makutano yaliyotangulia, na hapo hata wasiokwenda huko wanakwama.

Daraja la Kijazi pale Ubungo limeondoa fundo moja kubwa, ila magari yaliyokuwa yakisubiri Ubungo sasa yanafika mapema kusubiri mbele, kwenye makutano ya Magomeni na Fire. Ukichagua Kibaha, fikiria kuliacha gari Kimara na kupanda mwendokasi. Inakutoa kwenye foleni ya taa kwa sehemu kubwa. Udhaifu wake ni Jangwani: Mto Msimbazi ukifurika, barabara inafungwa na mabasi ya mjini yanakatika, na siku hiyo huna njia ya pili ya maana.

behewa_la_tatu:
Huyo dalali anahesabu dakika za treni ikiwa inatembea. Mpe hesabu kamili: kutoka nyumbani hadi stesheni, kufika mapema kwa ukaguzi wa tiketi na mizigo, kusubiri, safari yenyewe, kisha kutembea hadi Posta, weka dakika 10 hadi 15. Safari yenyewe ni sehemu tu ya muda wote.

Na SGR haikujengwa kama treni ya jiji. Ni ya mikoani: Dar, Pugu, Soga, Ruvu, Ngerengere, Morogoro, halafu Dodoma. Tiketi inakatwa kwa namba ya kitambulisho, ya treni ya saa fulani. Si kila treni inasimama Pugu, maana zile za haraka zinapita. Kusimama mara moja treni ya kilomita 160 kwa saa hula kama dakika tatu, ukijumlisha kupunguza mwendo, kushusha na kuondoka tena, hivyo hawawezi kuongeza vituo bila kumuumiza abiria wa Dodoma. Kwa hiyo kabla ya kulipa kiwanja chukua ratiba uulize maswali mawili tu. Je, kuna treni inayosimama Pugu na kufika Dar kabla ya saa 1:30 asubuhi? Na baada ya saa 11:30 jioni kuna ya kurudi, na ukiikosa hiyo inayofuata ni ya saa ngapi?

Usichanganye na treni ya jiji ya reli ya zamani, ile iliyoitwa ya Mwakyembe, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, iliyoanza 2012. Hiyo ndiyo ya wafanyakazi hasa, kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, baadaye na Pugu pia. Shida yake ni njia moja. Kipande kati ya sehemu mbili za kupishania kikichukua dakika 15, ongeza tano za kuweka njia na ruhusa, treni inayokuja kinyume lazima isubiri. Hivyo upande mmoja unapata treni kila dakika 40 hivi, hata ukileta mabehewa mengi namna gani. Kichwa kikiwa kimoja, mwisho wa safari kinafunguliwa, kinazungushwa, kinafungwa upande wa pili na breki zinajaribiwa. Dakika 10 hadi 15 zimekwenda. Moja ikichelewa asubuhi, zote zinachelewa hadi mchana.

Treni ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, usiitegemee kwa Posta. Inakuacha kwenye makutano ya barabara za Nyerere na Mandela, na bado unahitaji daladala.

mtaa_wa_saba:
Shukrani sana wakuu. Kiwanja cha Pugu kwenye ramani ni mita 600 kutoka stesheni. Hilo si linatosha?

behewa_la_tatu:
Mita 600 za ndege au za mguu? Reli ya SGR ina uzio pande zote, na nyaya za juu ni volti 25,000. Huvuki popote unapotaka, unafuata kivuko cha chini au daraja. Kiwanja kikiwa upande usio na mlango wa stesheni, mita 600 zinaweza kuwa kilomita mbili. Zitembee kwa miguu saa 11 alfajiri, siyo mchana.

taa_nyekundu:
Na kabla ya kulipa, Kibaha au Pugu, peleka namba ya kiwanja mipango miji waangalie hifadhi ya barabara na ya reli. Bomoabomoa ya 2017 kutoka Kimara hadi Kiluvya iliwakuta watu ndani ya mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, wengine wana nyumba za ghorofa.

Jaribu safari zote mbili Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ukiandika saa kwenye kila hatua, na siku moja iwe ya mvua. Usichukue wastani. Chukua siku mbaya kuliko zote, maana hiyo ndiyo itakayokupangia saa ya kuamka.