Nimelipia prosesa ya 400 MHz, ikafungwa iende kwa 233: duka linasema eti ni mawazo yangu

Ndugu wanajukwaa, nimekaa siku mbili kabla ya kuandika ili hasira zisinizidi, lakini hazijapungua. Kuna duka la vipuri vya kompyuta katikati ya Kampala, ambalo sitalitaja jina, lililonitoza pesa za kubadilisha prosesa, kisha likanirudishia kompyuta inayokwenda polepole kuliko nilivyoipeleka.

Ni kompyuta ya zamani yenye mazabodi (ubao mkuu) ya Socket 7, yaani aina ya tundu la prosesa, na chipu za Intel 430TX za mwaka 1997 zinazouongoza ubao huo, na tafadhali asije mtu kunishauri ninunue mpya. Kadi inayoendesha mashine yetu ya kudarizi hapa Busia huingia kwenye sloti ya ISA, aina ya zamani ya nafasi ya kuchomekea kadi, ambayo kompyuta za madukani leo hazina. Ilikuwa na Pentium MMX ya 233 MHz na RAM ya 64 MB. Nilitaka AMD K6-2 ya 400 MHz ili nembo za masweta ya shule zifunguke upesi kabla ya muhula wa kwanza.

Kabla ya kuipeleka niliendesha Super PI, programu ya kupima kasi ya prosesa kwa kukokotoa pai, mara tatu, kisha nikapima kwa saa muda wa kufungua nembo moja yenye korongo na mishono mingi, nikaandika yote kwenye daftari. Iliporudi nilipima vilevile, kwa diski ileile na Windows 98 ileile, na hakuna kipimo hata kimoja ambacho hakikuzidi muda wa awali. Nilipompigia fundi alinijibu, "Mzee wangu, hayo ni mawazo yako tu, 400 ni 400."

Basi nikafungua boksi. Kipoza joto kilikuwa cha moto kiasi kwamba kidole hakikai. Nilikitoa, nikafuta grisi kwa spiriti, na mgongoni mwa prosesa nikasoma maandishi ambayo mtu yeyote mwenye macho angeyasoma: 2.2V CORE, yaani umeme ambao kiini chake kinautaka. Jampa za umeme, yaani vijifuniko vya pini vinavyopangia mazabodi umeme na kasi, zilikuwa bado kwenye 2.8V, yaani palepale zilipowekwa kwa ajili ya Pentium, na za kizidishi, namba inayozidisha kasi ya mazabodi kupata kasi ya prosesa, zilikuwa kwenye 3.5. Mazabodi hii huenda 66 MHz; zidisha mara 3.5 na utapata 233. Fundi alichomoa chipu moja, akachomeka nyingine, akafunga boksi na kuandika risiti.

Nakubali kwamba kizidishi cha 6 hakimo kwenye jedwali la mazabodi hii, lakini K6-2 ya 400 huisoma jampa ya 2 kama 6, jambo ambalo waliowahi kuifunga kwenye mazabodi za aina hii wanalijua. Nafasi ya 2.2V nayo ipo, imechapwa kwa herufi ndogo kando ya jampa zenyewe.

Lililonichoma zaidi ni RAM. Bila kuniuliza, aliongeza kipande kingine cha 64 MB na kukitia kwenye bili kwa shilingi 60,000. Chipu za 430TX huhudumia kwa kache, ile kumbukumbu ndogo yenye kasi inayoisaidia RAM, MB 64 za kwanza tu, na kwa kuwa Windows 98 huanza kutumia RAM kutoka juu, programu yangu ilikuwa inakaa hasa upande usio na kache. Nimelipia kucheleweshwa!

Nilikichomoa kipande hicho, nikaweka 2.2V na jampa ya 2, nikapima upya. Nembo ya korongo sasa hufunguka mapema kuliko wakati wowote. Muda wa Super PI umepungua kidogo tu, na hilo simlaumu mtu, maana kwa hesabu za desimali K6-2 ni dhaifu kuliko Pentium kwa kila MHz.

Ninachodai ni pesa za RAM, pesa za ufundi, na prosesa nyingine iwapo hii iliyochemshwa kwa 2.8V itakufa. Nimepiga simu mara tatu na jibu ni lilelile, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye kujua K6-2 iliyopata kuteswa hivi ilidumu muda gani, naomba aniambie, kwa sababu kila nusu saa nainuka kugusa kipoza joto. Kipande cha RAM kiko kwenye bahasha pamoja na risiti na daftari, na Jumatatu napanda taksi ya alfajiri kwenda Kampala.